Panya Anayefunika Sufuria

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ilitoka jikoni kabla hakujapambazuka. Nilipapasa kitandani, mume wangu hayupo, lakini huo ndio wakati wake wa kwenda mazoezini, kwa hiyo sikushtuka. Kulipokucha nikakuta ukoko wa jana umekwisha na sufuria imefunikwa vizuri. Jioni nilipomweleza, alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema nyumba hii imeingia panya.

Mume wangu ni fundi cherehani. Miaka minane amekaa kitini akishonea watu suruali, mpaka siku mteja alipomtania kwamba kitambi chake karibu kishonwe pamoja na kitambaa. Akajiandikisha jimu. Kocha akamuuzia kopo la unga wa protini, kubwa kama ndoo ya rangi, akamwambia akoroge na maji, anywe, aachane na mambo ya sahani. Basi asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe. Akishakunywa anasimama mbele ya kioo na futi kamba yake ya kazini, anajipima. Mkono ukigoma kunenepa, anailegeza futi. Kiuno kikigoma kupungua, anasema futi imesinyaa.

Nilimsomea maandishi ya kwenye kopo, neno kwa neno: unywe pamoja na mlo. Akanijibu kuwa hayo wameandikiwa watu wasio na nidhamu. Nidhamu ndiyo ilikuwa mboga yake. Tukikaa kula, yeye anasimama mlangoni na kikombe chake, anatutazama tunavyotafuna kana kwamba tumefumaniwa.

Ingekuwa shida yake peke yake ningecheka nikalala. Lakini binti yetu ana miaka minne, na humwiga baba yake hata kupiga chafya. Akaanza kusukuma sahani. Akajaza maji kwenye kikombe chake cha plastiki, akakitikisa, akakunja mkono mwembamba kama kijiti ili nimguse msuli. Kule kliniki muuguzi alimpima, akatazama kadi, akampima tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani chakula kinapatikana. Nilitamani sakafu inimeze. Akanipa wiki mbili nimrudishe akiwa ameongezeka.

Nikamwomba mume wangu akae nasi, ale matonge mawili tu mbele ya mtoto.

"Mke wangu," akasema, "mwili huu umeshasahau hata wali unafananaje."

Kesho yake akanunua mtego wa panya, akautega mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa, mbali kabisa na sufuria.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Panya nawajua. Wanatoboa, wanamwaga, wanaacha mavi. Sijapata kumwona wa kufunika sufuria. Siku hiyo nikapika wali, nikauacha ushike chini makusudi, ukoko mnene, wa rangi ya kahawia.

Alfajiri, kwaru, kwaru. Mtoto naye akaamka akitaka maji. Nikamshika mkono, tukaenda jikoni, nikawasha taa.

Bwana nidhamu alikuwa amechuchumaa na singlendi yake ya mazoezi, sufuria katikati ya magoti, mashavu yamevimba. Kikombe cha protini kilikuwa pembeni, kikavu. Alijaribu kusema jambo kuhusu panya, ila mdomo ulikuwa na kazi nyingine.

Nilikuwa nimemwandalia maneno ya wiki sita, tangu kopo lile liingie nyumbani, makali, yamepangwa vizuri. Kisha nikamwona anamtazama binti yake, akizitazama zile mbavu zinazohesabika chini ya gauni la kulalia, na kijiko kikashuka chenyewe. Maneno yangu nikayameza. Akabandua kipande cha ukoko, akakipuliza ingawa kilikuwa cha baridi, akamnyooshea.

Mtoto alikigeuza, akakinusa, akamwangalia baba yake akimeza. Akatafuna. Akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye kile kitambi kilichoishinda futi.

"Baba, sogeza sufuria," akasema.