Skrini Mpya, Mama wa Zamani

"Nirudishie mama yangu," alisema Msusi, mguu mmoja ameuweka mlangoni ili mlango usifungwe.

"Simrudishi," alijibu Karani wa Bima. "Nimelipa."

"Umelipia skrini!"

"Nimelipia kigemu kizima. Na yeye alikuwamo."

Milango yao ilitazamana kwenye korido ya ghorofa ya tatu. Majirani wawili wa chini walikuwa wameshaketi kwenye ngazi na bakuli lao la karanga. Ugomvi ule kila jioni ulianzia pale ulipokomea jana, kwa hiyo hata aliyechelewa hakupitwa na kitu.

Chanzo chake kilikuwa Fundi Mng'aro, mwenye kibanda pale chini, kando ya mashine ya fotokopi. Kazi yake ilikuwa kufufua vigemu vya mkononi vya zamani, vidude vya kuchezea gemu, vile vya kijivu, vinene kama mche wa sabuni, ambavyo mtu alilazimika kuviinamishia dirishani ili aone anakufa wapi. Fundi alivitia skrini inayowaka, betri ya kuchaji na kava inayoonyesha utumbo wote wa ndani. Watu wazima na mishahara yao walipanga foleni warudishiwe utoto, safari hii wenye taa.

Msusi alipeleka cha kwake, kile alichokuwa akichezea chini ya meza ya jikoni siku za utoto, huku mama yake akimwita kwenye chakula mpaka sauti inamkauka. Angeweza kukifungua mwenyewe. Mkono unaosuka nywele nyembamba kama uzi haushindwi na skrubu sita. Lakini wateja walikuwa wengi, umbea ulikuwa mtamu, na mtu akishakuwa na uwezo wa kumlipa mwenzake, ghafla mikono yake inachoka. Akalipa. Akarudi nyumbani, ambako ndiko saluni yake, na kitu kinachong'aa kama jino la dhahabu.

Jioni ile alipokiwasha, akaingia mzee mmoja mwenye fimbo, akaketi kwenye kiti cha wateja wanaosubiri zamu, akasema, "Punguza sauti."

Msusi akapunguza. Mteja mmoja akamsogezea mzee mto. Tangu hapo kila kigemu kilipowashwa alikuja, akanywa chai, akatoa maoni yake juu ya mitindo ya nywele bila kuombwa. Walimwita Babu Punguza. Hakuna aliyejua ni babu wa nani.

Jioni hiyo hiyo mama yake Msusi, aliyezikwa tangu mwaka wa mafuriko, alipanda ngazi na mwiko mkononi, miguuni ndala mbili za rangi tofauti, ukanda mmoja umefungwa waya kama alivyouacha. Akaupita mlango wa mwanawe. Akagonga ule wa pili.

"Wee Chiriku! Zima hiyo takataka uje ule! Au unataka nije nikuzimie mimi?"

Chiriku ni jina ambalo duniani pote alikuwa akilitumia mtu mmoja, tena kwa mtoto mmoja, aliyeanza kuropoka kabla hajaota meno. Karani wa Bima, ambaye kwa siku husema maneno matano, na mawili kati yake ni "saini hapa", naye alikuwa ametoka kwa Fundi siku hiyo hiyo na kigemu chake; aligeuka kutazama nyuma yake. Hakuona mtu. Akazima kigemu, akanawa mikono, akaenda kula.

Msusi alitoka mbio koridoni, nyuzi za nywele bandia zikimwagika kutoka mapajani.

"Mama! Ni mimi!"

"Hujambo, binti," alisema mama yake, kwa ile adabu ya watu wa nyumba jirani. "Kwenu wameshakula?"

Kisha akafunga mlango, mchuzi usipoe.

Asubuhi Msusi alikuwa kibandani kabla kufuli haijatolewa.

"Fundi, umenibadilishia vitu vya ndani."

"Dada, hapa kuna bodi tu, vibao vya saketi. Nazitoa zote, naziosha na spiriti kwenye beseni moja, zikikauka naokota." Alilinyanyua lile beseni alione. Bodi za kijani zilielea humo kama majani ya mchicha. "Ukienda hotelini, unadai kijiko ulichokitumia jana?"

"Kijiko hakina mama yangu ndani!"

"Ulipoleta, uliniambia kuna mtu?"

"Nilileta changu, nataka changu!"

"Aliyetaka chake angekifungua mwenyewe," alisema Fundi Mng'aro, na hapo akawa ametia chumvi kwenye kidonda, kwa sababu ilikuwa kweli.

Msusi akamwomba basi amuuzie bisibisi. Skrubu za vigemu vile zina pembe tatu, bisibisi ya kawaida huzitazama tu. Fundi akasema daktari hauzi kisu chake. Wiki hiyo habari zilishaenea mtaa mzima, na kwenye ubao wa kibanda, chini ya skrini, betri na kava, paliongezwa mstari: *Mzazi ni kwa bahati yako.* Foleni ikazunguka jengo. Mgema akisifiwa, tena akapata na foleni, hata tembo haliangalii, anauza maji.

Msusi akarudi saluni, akachukua kibiriti cha gesi anachochomea ncha za misuko, akalainisha kitako cha kalamu ya plastiki, akakigandamiza kwenye skrubu. Kilipopoa kilikuwa na pembe tatu. Akazungusha. Skrubu ikatoka kwa upole kama mtoto aliyebembelezwa.

"Ebo!" alisema. "Kumbe ndiyo hii tu?"

Babu Punguza alikuwa katikati ya maneno, akimshauri mteja kuhusu paji lake la uso. Msusi alipochomoa bodi, mzee akakatika, akatoweka, kikombe kikabaki juu ya mkono wa kiti kikifuka moshi. Alipoirudisha, mzee akamalizia, "...kama uwanja wa ndege," akachukua chai yake.

Kwa hiyo inawezekana. Na jioni hii Msusi alikuwa na kalamu ile mkononi, mguu mlangoni pa Karani.

"Nisikilize, kaka. Mimi nafungua changu, nafungua chako, nabadilisha bodi. Dakika chache. Mama anakuja kwangu, wewe unapata mzee. Mzee mzuri, hali sana."

"Ukifungua, dhamana inakufa."

"Dhamana! Watu wenyewe walishakufa!"

Kwenye ngazi mtu alipaliwa na karanga.

"Sikulipa ili nianze kushika skrubu," alisema Karani.

"Na mimi nililipa nisizishike, ndiyo nimefiwa mara mbili na mama mmoja."

Karani alikibana kigemu kifuani, na ndipo Msusi alipogundua kwamba shati lake, ambalo mwezi uliopita lilikuwa likimpwaya kama limeanikwa, sasa vifungo vilikuwa vinaombana msamaha. Nyuma yake palikuwa na vitunguu kwenye kapu, meza iliyopanguswa, na viti vitatu ambavyo zamani havikuwapo.

"Mimi nimekulia bwenini," alisema hatimaye. Alikuwa ameshayapita maneno yake ya siku. "Kula tuliitwa na kengele. Miaka yote, kengele. Huyu mtu ananitukana kwanza, halafu ananipakulia."

"Anamtukana Chiriku," alisema Msusi. "Chiriku ni mimi."

"Najua," alisema Karani. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Mimi naonekana Chiriku?"

Chini, Fundi Mng'aro alisikika akiita mteja anayefuata, na bodi moja ikatumbukizwa kwenye beseni: chubwi.

Msusi aliitazama kalamu. Angeweza kukipokonya kile kigemu. Karani alikuwa mtu wa makaratasi, hakuwa na kiwiko cha ugomvi. Lakini tayari ndala mbili zilikuwa zikipanda ngazi, moja ikiburura waya. Wenye karanga walipisha, wakaamkia, wakaitikiwa. Mama akafika juu, mwiko begani kama bunduki, akawapita wote wawili mlangoni, akaingia, akafunua sufuria. Mvuke ukatoka mpaka koridoni.

"Shikamoo, mama," alisema Msusi.

"Marahaba, binti." Mama alimtazama kichwa hadi miguu, akaona kitana, kalamu, na nyuzi za nywele zilizomjaa mapajani. "Nywele za watu zinapendeza, za kwako kama kiota. Ndiyo kawaida ya wanaochonga mdomo kutwa nzima."

Msusi akafungua mdomo ajibu, kama alivyokuwa akijibu zamani, kisha akaufunga. Akaichomeka kalamu kwenye kile kiota.

"Chiriku," alisema mama bila kugeuka, akipakua, "mbona mgeni amesimama mlangoni kama mdai? Vuta kiti."

Wote wawili wakakishika kiti kimoja.

"Haya, ingia, binti," alisema mama. "Ingia ule kabla hakijapoa."