Bombomu Ilipopata Moto

Aliyeibuni bombomu ile, bunduki ya kufyatua mfululizo, hakuwahi kulala matopeni. Hilo Antonin, mpigaji wake, angeapa mbele ya padri. Magazini yake ilipinda nusu duara, na ubavu mmoja uliachwa wazi, ati mpigaji azione risasi zilizobaki. Haya, risasi akaziona, na udongo nao ukaingia! Ndiyo maana Fulcran, mpakiaji wake, alizivisha magazini zote soksi alizofumiwa na mkewe, dada yake Antonin.

"Dada yako akijua, nimekwisha."

"Nitamwambia mimi, shemeji. Wewe rudi tu na miguu ya kuzivaa."

Asubuhi moja ya Julai, karibu na mto Aisne, Wajerumani walianza kuvuka shamba la ngano. Magazini zilipobaki mbili, Fulcran alitambaa hatua thelathini mbele, kuchukua mkoba wa magazini wa mpakiaji mwingine aliyeuawa. Antonin akamkinga kwa kufyatua mfululizo. Alifundishwa apige mbili tatu, apumzike. Lakini nani apumzike, shemeji yake yuko nje?

Bombomu ikanyamaza. Chuma kilipata moto, kikavimba, na mtutu, ambao hurudi nyuma kwa kila risasi, ukakwama huko huko. Haikuvunjika wala kuziba. Ilitaka kupoa tu, dakika chache. Antonin akavuta komeo kwa nguvu zake zote. Wapi! Akaimwagia mvinyo wake wote, ukachemka ukaisha. Akaipiga teke. Akalia, mwanamume mzima.

"Antonin! Piga!" Fulcran alikuwa anarudi, mkoba shingoni. "Piga basi, umelala?"

"Imekwama! Usiinuke, shemeji!"

"Wamenifikia! Piga, nakuomba!"

Wanne walichomoza kwenye ngano, karibu hata nyuso zao zikaonekana. Antonin alimaliza risasi zote za bastola asimpate hata mmoja. Wakamchoma Fulcran kwa singe, mara mbili, Antonin anaangalia.

Ndipo chuma kikalia tak, mtutu ukarudi mbele wenyewe. Antonin akafyatua magazini nzima. Wote wanne wakaanguka.

Mchana fundi wa silaha aliifungua bombomu, akaisafisha, akapiga risasi tano ukutani. Zote zikatoka bila shida.

"Mbona nzima hii, bwana? Sasa nirekebishe nini?"

"Usirekebishe kitu," Antonin alisema. "Mwandikie dada yangu tu, umwambie ni nzima."