Sanduku Lililojua Kuhesabu

Walimwita Waya kwa sababu mbili: alikuwa fundi redio, na alikuwa mwembamba hata majirani wakasema akisimama kiubavu lazima umtafute. Miaka arobaini na miwili, hana mke, hana mtoto, hana ndugu. Alikuwa na mama yake tu, na mama yake alikuwa naye yeye. Nyumba yao mbele ilikuwa karakana, nyuma jiko, na kuta zake nyepesi kiasi kwamba kijiko kikianguka jikoni fundi anajua ni cha chai au cha mchuzi.

Baba yake naye alikuwa fundi redio, na alikuwa na kawaida yake. Akishatengeneza spika husema kwenye kipaza sauti, "Moja, mbili," kisha hunyamaza. Mama kule jikoni akisikia vizuri hujibu, "Tatu." Hapo ndipo baba alipofunga kifuniko na kukwaruza alama yake kwa msumari, mstari mmoja na nukta mbili. Asipojibiwa, spika bado haijapona. Wateja wengine walikuja mapema makusudi, wakae waisikie tatu ya mke wa fundi.

Waya alipokuwa na miaka tisa, walipita watengeneza filamu. Walimpa baba mchoro wakamwambia awaundie sanduku kwa mbao na vyuma chakavu. Katika hadithi yao sanduku lile huita watu, na anayeliitikia haonekani tena. Mchezo tu, wa kutisha watoto. Baba akaliunda, wakalipiga picha, wakaenda zao, sanduku wakamwachia. Wiki ile ile, mchana kweupe, mama yuko sokoni na mtoto yuko shuleni, baba akatoweka. Viatu vyake vilikutwa chini ya meza, vimepangwa.

Majirani wakasema kakimbilia kwa mwanamke. Midomo ya watu haina kufuli. Mama kwa uchungu akauza kila kilichokuwa juu ya meza ile kwa wanunuzi wa chuma chakavu, sanduku likiwamo, kipande kipande. Filamu yenyewe hakutaka kuiona. Miaka thelathini na mitatu alikaa na swali moja, na mwaka huu, kifua kilipoanza kumbana, akalitoa. "Mwanangu, hivi baba yako alinichoka?" Waya akainamia redio aliyokuwa akiitengeneza. "Basi ningepata hata kitu kimoja cha mkono wake, nikishike."

Ndipo Waya akaamua kuliunda upya lile sanduku, kwa siri, ampe mama Jumapili moja amfurahishe. Akaitafuta filamu akaipata. Akawa anaisimamisha picha kwa picha, anachora kwa penseli. Sanduku la mbao la redio ya zamani, uso wa mizani ya dukani, mkono wa cherehani ubavuni, spika ya duara mbele. Vitu vya kawaida, ila ni vya zamani, na leo utavipata wapi? Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Alikwenda kwa muuza chakavu mmoja aliyeitwa Mzee Kutu, mtu aliyekaa na vyuma mpaka akafanana navyo rangi.

"Uso wa mizani?" Mzee Kutu akasema. "Umeletwa jana."

Wiki iliyofuata akaenda kuulizia mkono wa cherehani. Nao uliletwa jana. Sanduku la mbao vilevile.

"Anayeleta ni nani?" Waya akauliza.

"Nakuta tu asubuhi, nje ya lango. Mimi nikidhani ni wewe unanichezea."

Waya aliugeuza ule mkono wa cherehani, na moyo ukamlipuka kwa furaha. Chini palikuwa na mstari mmoja na nukta mbili. Akamwonyesha mzee kwamba ni alama ya baba yake, kwamba hivi ni vile vile vilivyouzwa. Mzee Kutu alikiangalia kile chuma, kisha akakiweka mezani na kujifuta mikono.

"Vyuma vya nyumba yenu nilivinunua mimi," alisema. "Tuliviyeyusha vyote siku ile ile, na ile mbao ndiyo tuliyowashia moto. Nilisimama pale nikiangalia."

Mwenye akili angeishia hapo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na Waya alijiambia mzee anazeeka, kumbukumbu zimeshika kutu kama jina lake. Alivibeba nyumbani. Fundi yeyote atakuambia, vyuma vya kuokota huku na huku havikubaliani mpaka utoboe na upige tupa. Waya hakutoboa hata tundu moja. Parafujo ziliingia kwa vidole. Aliogopa kidogo, nisiseme uongo, lakini alikuwa amejawa na furaha ya mama yake kabla hata mama hajaipata.

Spika ilikutwa langoni kwa Mzee Kutu siku ya Jumamosi. Mzee hakutaka hata kuigusa, akasema ichukue bure uende. Waya akaipachika mchana huo huo, mama yuko jikoni akikata vitunguu. Hakuwa ametia betri. Nyaya za spika zilikuwa zinaning'inia, hazijaunganishwa popote.

Spika ikakohoa kidogo. "Moja, mbili," ikasema, kisha ikanyamaza.

Ilikuwa sauti ya baba yake. Ulimi wa Waya ulishainuka kwenye meno, na machozi yalishamtoka, ndipo akaikumbuka filamu. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Palepale akakumbuka jiko, na ukuta wake mwepesi, na kwamba mama hajui hadithi ile.

Akaiondoa mikono apige kelele, mama usijibu. Alichelewa.

"Tatu," mama akajibu kutoka jikoni. Hakuuliza ni nani. Alijibu kwa sauti nyepesi, sauti ya bibi arusi, na kisu hakikusimama hata kidogo.

"Nne," spika ikasema taratibu. Baba hakuwahi kufika nne.

Waya alikimbia. Sufuria ilikuwa inachemka, kitunguu kimekatwa nusu, kisu kimelala juu ya ubao. Kandambili za mama zilikuwa chini, zimepangwa, zimeelekea karakana.

Majirani safari hii hawakuwa na la kusema, maana mwanamke mzee mgonjwa wa kifua atakimbilia kwa nani? Waya sasa analo lile jibu. Baba hakumchoka mama, aliitwa tu akaitika. Anayestahili kuambiwa hayupo, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Sanduku hakulivunja. Atalivunjaje, wakati kila mchana, saa ya vitunguu, linahesabu? Moja, mbili, halafu linangoja, na siku hizi sauti ni ya mama. Saa hiyo Waya hukaa mezani na sahani iliyojaa, akaujaza mdomo, kwa sababu mdomo uliojaa haujibu. Anatafuna na kulia mpaka linyamaze.

Jana lilihesabu muda mrefu kuliko kawaida, na chakula kikamwishia.