Kodiani Katika Chumba cha Mionzi

Odile Guidry hakuwa mwoga. Kimbunga kilipoezua paa lake alikaa chini ya meza, akala wali wake mpaka kikapita. Lakini ile barakoa ya plastiki, weee! Ilimkaa usoni ikamganda, kisha ikabanwa kitandani ili mionzi impige uvimbe wa kooni tu. Kila wakiibana pumzi zilimwishia, akabonyeza kengele wamtoe. Sasa daktari alikuwa ameshasema bila kuzunguka: leo asipotulia, matibabu haya basi, na njia nyingine za kumponya ni chache.

Renata, fundi wa mashine ya mionzi, alimwekea kinanda cha polepole na sauti ya maji ili kumtuliza. Nia njema, sikatai, lakini muziki huo ndio uliokuwa ukimmaliza. Kule kwao Louisiana muziki wa namna hiyo Odile aliusikia msibani tu, watu wakipanga foleni kutazama maiti.

Siku hiyo mdogo wake, Verlie, alikuja na muziki wao wa dansi, wa fidla na kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukunja. Renata akagoma. Alisema muziki huo humchezesha hata yeye miguu, na mgonjwa akitikisika mionzi itaunguza pasipotakiwa.

"Mwanangu, wewe umekulia mjini," Odile akamwambia. "Sisi wazazi wetu wakienda dansi Jumamosi walitubeba. Walitulaza chumba cha nyuma juu ya makoti ya wageni, wao wakacheza mpaka jasho. Mimi usingizi nimefundishwa na kodiani."

Renata akamtazama Verlie, Verlie akaitikia kwa kichwa. Basi, wakajaribu.

Barakoa ikabanwa. Hofu ikaja kama kawaida yake, ikamshika kifuani, na kidole kikatafuta kengele. Halafu kodiani ikalia, fidla ikaidaka, na wachezaji ndani ya rekodi wakaanza kupiga sakafu kwa visigino. Odile akajiona mtoto mdogo kabisa, juu ya makoti. Mama yake alikuwa nyuma ya ukuta huo hapo, anacheka, na akichoka kucheza atakuja kumchukua. Kidole kikalegea.

Alipofumbua macho barakoa ilikuwa imeshatolewa, na Renata amesimama kando yake.

"Tunaanza?" Odile akauliza.

"Tumemaliza, mama. Ulikuwa unakoroma."

Odile akaufunika uso wake kwa viganja, akalia kwa furaha.