Nimeshaliona Bati Lako

Asteria hakuumbiwa kungoja. Chai aliinywa ikiwa bado inaunguza ulimi, na kwenye foleni alihamahama mistari mpaka walinzi wa benki wakamzoea. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuhimilisha ng'ombe, kuwatia mimba kwa mrija bila dume, kazi ambayo nusu yake ni subira. Tena akapewa na pikipiki ya porini yenye injini inayopozwa na upepo tu.

Siku hiyo simu ilimkuta kijijini Songwa, akinawa mikono baada ya kazi ya asubuhi. Aliyepiga ni Mbuke, mjane wa kijiji kimoja cha ndani, ng'ambo ya Didia. Ng'ombe wake wa maziwa, tena wa pekee, alikuwa kwenye joto, anataka dume. Alikuwa analia tangu jana jioni na kuwapanda wenzake wa jirani.

"Safari hii usinichezee, ng'wanone, mwanangu," Mbuke alisema. "Mara ya kwanza ulikuja kesho yake. Mara ya pili ng'ombe hakushika mimba. Shemeji yangu kashaongea na mchinjaji wa kule Buzwagi. Huyu akikosa tena anakwenda buchani, na mimi nabaki na ndoo tupu."

"Naja, mama. Sasa hivi."

Na kweli aliondoka kama anayefukuzwa na nyuki. Nyuma alifunga lile tanki la naitrojeni linalotunza mbegu kwa baridi kali. Kwa kuwa tanki lilijaza keria nzima, mkoba wa glavu na koti la mvua akavining'iniza mbele, kwenye gadi, vile vyuma vya kukinga injini. Fundi wake, Yasini, alikwishamwambia si mara moja: dada, hapo ndipo injini inapopumulia, usipazibe, na hilo tope lililokaukia kwenye mapezi yake ya kupozea ulisugue. Asteria alimjibu kesho. Alikuwa na kesho nyingi sana.

Lami ilimvumilia. Alipoiacha na kuingia njia ya mchanga, mambo yakageuka. Jua lilikuwa la utosini, mchanga mzito, na mwendo ukashuka, akawa anakwenda kwa gia ndogo huku anakamua mafuta. Pikipiki ikinguruma sana na kwenda kidogo, upepo wa kuipoza utoke wapi? Kwanza alihisi goti linaungua. Kisha nguvu zikapungua, harufu ya oili ikampanda puani, injini ikaanza kugonga kwa ndani, na ikazima yenyewe.

"Imechemsha," alisema, akalipiga teke tairi, kana kwamba tairi ndilo lililokosa.

Hapo hapo simu ikalia.

"Umefika wapi?" aliuliza Mbuke.

"Nimeshaliona bati lako, mama."

Mbele yake palikuwa na vichaka, mawe makubwa na mbuzi wawili. Lakini huku kwetu uongo wa njiani hauhesabiwi. Kila mtu yuko hapo kwenye kona, hata kama bado anatafuta kiatu chini ya kitanda. Asteria hakuona kama amedanganya. Aliona kama amesalimia.

"Basi ngoja nimfunge ng'ombe kabisa kibanoni," Mbuke alisema, akakata simu.

Akapita mwanamume mwenye baiskeli ya mkaa. "Dada, mwagia maji."

"Chuma cha moto hivi nikikimwagia maji si kinapasuka?"

"Basi mwagia hilo la baridi kwenye tanki lako la ng'ombe."

"Hilo litapasua injini na wewe pamoja!"

Mtu wa mkaa akaenda zake akicheka. Asteria akakaa, akasimama, akaigusa injini, akaungua, akalamba kidole. Akapiga kiki kabla ya wakati. Ikagonga vile vile, akaiacha kwa hofu. Alitamani kulia kwa hasira. Mwishowe, kwa kuwa mikono yake haikujua kutulia, akaufungua mkoba na koti kutoka mbele na kuvibeba mgongoni. Akaokota kijiti na kuanza kuchokonoa lile tope kwenye mapezi, mwanya mmoja baada ya mwingine. Akaongeza oili kutoka kwenye kichupa chake. Alipoweza kuushikilia mkono juu ya injini bila kuuondoa, alipiga kiki, na safari hii ikaitika vizuri.

Safari iliyobaki aliiendesha pikipiki kama amebeba mayai. Penye ardhi ngumu aliiachia ikimbie ipate upepo, penye mchanga hakuikamua. Roho ilikuwa inamtangulia, yeye anabaki nyuma.

Alimkuta Mbuke amesimama juani tangu ile simu, kichwa wazi, kando ya kibano cha miti alimomfungia ng'ombe. Kitenge chake alikuwa amekitandaza kwa mikono miwili juu ya mgongo wa ng'ombe. Ng'ombe alitoa ulimi nje, denda linamchuruzika, mbavu zinakwenda mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliliona bati la nani?"

Asteria alimtazama ng'ombe. Ng'ombe aliyechomwa na jua namna ile, mbegu haishiki kirahisi, na hilo alilijua vizuri. Angeweza kuvaa glavu, amalize, aondoke, na baadaye aseme ng'ombe ndiye mbovu. Nani angejua? Akautua mkoba chini.

"Nilikudanganya, mama. Pikipiki ilichemsha, nilikuwa mbali. Tumfungue, tumweke kivulini, tummwagie maji, tusubiri apoe."

"Tusubiri tena? Na joto lake likipita?"

"Likipita, mimi ndiye nitakayemwambia shemeji yako kwamba nilikosa mimi, si ng'ombe."

Mbuke akaifungua kamba. Wakachota maji, wakammwagia ng'ombe mgongoni na shingoni. Asteria akawa anazunguka, anatazama jua, anatazama simu, mpaka Mbuke akamkaripia.

"Kaa chini! Unamtia wasiwasi."

Akakaa. Jua lilipoinama ng'ombe alikuwa amerudisha ulimi, na bado alikuwa analia joto lake. Asteria akavaa glavu na kufanya kazi yake taratibu, kuliko alivyowahi kuifanya.

Kilichobaki, kungoja, kilikuwa kibaya zaidi. Kama hakushika, joto lingerudi baada ya wiki tatu, na simu ingelia. Asteria alilala na simu kifuani, akala nayo, akaichukia. Na wiki ya tatu ilipotimia, asubuhi, ikalia. Mbuke.

"Umefika wapi?" Mbuke aliuliza.

Bati, kona, Didia, yote yalimjia mdomoni. Akayameza.

"Niko nyumbani, mama. Hata kuoga sijaoga."

Kicheko kirefu kikajaa kwenye simu.

"Basi oga taratibu, ng'wanone. Ng'ombe katulia, joto halijarudi, anacheua, na mchinjaji kashaambiwa akatafute kwingine. Nilitaka tu nisikie utanijibu nini."