Futi Moja na Nusu Kutoka Sakafuni

Saa moja asubuhi Raimundi alikuwa amesimama sebuleni kwa Balbina, akifuta vumbi la saruji kwenye soketi kwa ncha ya shati lake. Alishazifuta jana jioni. Alizifuta tena, maana mkaguzi wa umeme hutoka Morogoro mara moja kwa miezi mitatu, na fundi atakayekwama leo atasubiri hadi Januari, mwaka tisini na nane.

Kwa miaka kumi na minne Raimundi alikuwa msukaji wa mota. Mota ya kinu cha mpunga ikiungua, kutoka Ifakara hadi Chita, aliletewa yeye, akaitoa nyaya zilizobabuka na kuisuka upya. Sasa kazi hiyo ilikuwa inakata roho. Wenye vinu walikuwa wakinunua mota mpya kutoka Dar es Salaam, nyepesi kama sufuria, na ikifa wanaitupa. Mwezi mzima wa Septemba aliletewa mota moja tu. Lakini nguzo za umeme zilikuwa zimefika mtaa wa Viwanja Sitini, na kila mwenye nyumba ya bati alitaka taa. Huko ndiko kazi ilikohamia, na Raimundi alitaka kuifuata kabla watoto wake hawajafukuzwa shule kwa kukosa ada.

Kilichomzuia ni leseni. Fundi asiye na leseni anaweza kufunga waya nyumba nzima kwa mikono yake, lakini fomu ya kuombea umeme lazima igongwe muhuri wa kontrakta, na kontrakta mwenye muhuri pale mjini alikuwa mmoja tu, Donati. Huyo hakuwa ameshika tindo tangu anunue pikipiki. Muhuri wake ndio uliomfanyia kazi. Ili upate leseni yako mwenyewe, ufunge nyumba moja, mkaguzi aipitishe. Nyumba ya Balbina ndiyo ilikuwa hiyo moja.

Balbina alikuwa mjane, muuza maandazi karibu na stendi. Kwenye kona ya sebule friji kuukuu, aliyouziwa na mfanyakazi wa mashamba ya miwa, ilisubiri umeme huku imefunikwa kanga. Alikuwa ameshawaahidi watu wa stendi maji ya baridi.

"Atapitisha kweli, kaka Raimundi?"

"Akiikataa hii, basi huyo hajui umeme."

Mkaguzi alifika saa nne, amepakiwa kwenye pikipiki ya Donati. Raimundi aliiona dalili hiyo, akajifanya hajaiona. Mkaguzi aliitwa Lukelo, na kwa umri alikuwa sawa na mdogo wake wa mwisho, lakini Raimundi alimwamkia shikamoo, na aliona aibu ilipokwisha kumtoka. Lukelo aliipokea bila kusita. Donati alibaki barazani, akichokonoa meno kwa njiti.

Lukelo alifungua meni swichi, akavuta waya wa ethi, ule unaozama ardhini, kuona kama umekaza, akagongagonga ukuta. "Kazi safi," alisema. Raimundi alijisikia mwepesi mwili mzima.

"Ila hizi soketi mbona ziko juu hivi? Huyu mama atapanda kiti kuchomeka friji?"

Hapo ndipo Raimundi alipokosea, na kosa lenyewe ni la mtu wa bondeni. Watu wa huku hawatundiki kitu ukutani kabla ya kutafuta mstari wa maji. Kitanda hupandishwa juu ya matofali, mpunga hupelekwa darini, na picha ya Bikira Maria hupigiliwa pale ambapo mafuriko hayajawahi kufika. Kwa Raimundi hiyo ilikuwa akili ya kazi, na aliona fahari kuieleza. Alimsogeza mkaguzi ukutani, akamwonyesha mstari wa kahawia uliopita usawa wa kiuno.

"Haya ni mafuriko ya mwisho, bwana mkubwa. Mto Lumemo ukijaa, maji yanafika hapa. Kwa hiyo soketi zote nimezipandisha shubiri mbili juu yake."

Lukelo alifunga kalamu yake. "Kumbe nyumba inaingia maji?"

"Mtaa wote huu."

"Ah, mzee, si bora ungenyamaza! Eneo la mafuriko halipewi umeme. Nikiandika kwamba maji yanaingia, mtaa mzima unatoka kwenye orodha. Kama hayaingii, soketi zinakaa futi moja na nusu kutoka sakafuni, kama kitabu kinavyosema. Chagua moja."

"Kwani zikiwa juu zina hatari gani?"

"Hazina. Ila kwenye kitabu hazimo."

Balbina alishika kichwa. "Kaka Raimundi, mdomo wako! Nani alikuuliza habari za maji?"

"Humu mna watoto, dada. Masika yakifika, soketi za chini zitazama zikiwa na moto wa umeme." Alimgeukia mkaguzi. "Hata redio inasema mvua za safari hii zitakuwa kubwa."

"Redio haitoi leseni," alisema Lukelo. "Basi langu linaondoka saa tisa. Nitapita saa nane nione umechagua lipi."

Donati alicheka kule barazani. "Usihangaike, mkaguzi. Mimi kesho nazishusha, nagonga muhuri, mambo yanakwisha freshi. Raimundi atakuja kunishikia tindo."

Hasira ilimpanda Raimundi hadi masikio yakawaka. Alimtazama Balbina, akitumaini angesema neno moja tu la kumuunga mkono. Balbina alikuwa anaitazama friji.

Pikipiki ilipoondoka, Raimundi aliokota nyundo na tindo. Alivunja lipu aliyoilainisha mwenyewe juma lililopita, akachimba mifereji kwenda chini, akashusha mabomba na nyaya, soketi baada ya soketi. Vumbi lilimjaa machoni, na hakulaumu vumbi peke yake kwa machozi yale. Balbina hakuambiwa kitu. Alikoroga chokaa kwenye ndoo, akachukua brashi na kuanza kuupaka ule mstari wa kahawia. Aliupaka mara tatu, maana uligoma kufichika.

Saa nane Lukelo alirudi ananukia samaki wa kukaanga. Alipima kwa futikamba, soketi moja tu. Kisha akatoa fomu. Chini kabisa paliandikwa: Nathibitisha kwamba jengo hili halifikwi na maji. Raimundi alisoma maneno yale mara mbili. Aliwaza ada za shule, akawaza tindo la Donati, akasaini jina lake lote.

"Hongera, kontrakta," alisema Lukelo, akapanda pikipiki.

Kabla saruji mpya haijakauka, jirani aitwaye Stefania aligonga hodi. Alikuwa amesikia kwamba Raimundi sasa ana karatasi yake, naye hakutaka tena kumbembeleza Donati. Raimundi alimfuata hadi kwake, nyumba ya tatu kuelekea mtoni. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiiota mwaka mzima, mteja anayemwita yeye kwa jina lake. Aliingia, akapiga goti, akanyoosha futikamba kutoka sakafuni na kuweka alama ya penseli.

Stefania aliinama kuitazama. Kisha akaweka kiganja ukutani, juu sana ya alama ile, usawa wa kifua chake.

"Mwanangu, mbona chini hivyo? Kwangu maji huwa yanafika hapa."

Raimundi hakuinua macho.

"Hayafiki, mama," alisema, akasogea kwenye ukuta wa pili kupima. "Nimeshasaini."