Laptop ya Mkwe

Alhamisi asubuhi Eunice aliingia kwenye steshenari ya Theonest, pale Segese, akiwa na laptop ya mumewe ndani ya mfuko wa sandarusi. Diski ya kuhifadhia video, SSD ya kuchomeka kwa waya, alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga kwa kuogopa vumbi. Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya mche kilichobaki.

"Haisomi," alisema.

"Laptop ndiyo haisomi, au diski ndiyo haisomeki?" Theonest aliuliza.

"Ningejua ningekuja kwako, jamani?"

Ndani ya diski mlikuwa na harusi ya Nelly, mdogo wake. Harusi yenyewe Eunice hakuwa na haja nayo. Aliipika mwenyewe, na ubwabwa uliungua. Alikuwa anamtafuta mama yake. Marehemu alikuwa mtu wa kukimbia kamera maisha yake yote, na kitambulisho chake, kwa haraka ya msiba, walimzika nacho kwenye pochi. Pasingepatikana picha yake popote kama siku ile ya harusi asingechoka na kukaa karibu na masufuria, mpiga video akampitia. Sasa mwaka ulikuwa unakaribia kutimia, na Eunice alikuwa ameanza kuusahau uso. Sauti anaikumbuka, mikono anaikumbuka, uso hapana. Ilimuuma, tena sana. Jumamosi ndiyo ibada ya kumbukumbu, ndugu wa Ushetu wote wanakuja, na aliwaahidi kwamba watamwona.

Theonest alianza na waya. Wa Eunice ulikuwa wa kuchajia simu tu, haupitishi kitu kingine, akautupa pembeni akachukua wake. Kimya. Akahamia tundu la pili, akazima, akawasha, akaingia kwenye mipangilio kuangalia kama diski inaonekana hata kwa jina. Hapakuwa na kitu. Akachomeka flashi ya mteja mwingine, ikasoma. Akachomeka simu iliyopasuka kioo, nayo ikasoma. Akaipeleka diski kwenye kompyuta yake kubwa ya mezani, na hapo ikafunguka papo hapo, mafaili yote yamo, ila mashine ilikuwa ya zamani na video ikagandia kwenye maputo ya getini.

"Diski nzima, laptop nzima," alisema. "Tatizo ni zikiwa pamoja."

Alizirudisha pamoja juu ya kaunta ili aangalie vizuri. Kioo cha laptop kilififia, kisha mfuniko ukashuka taratibu wenyewe mpaka ukafunga. Theonest akaufungua. Ukashuka tena. Alikagua bawaba, akazitikisa kidogo, hazikuwa na shida.

"Laptop ya nani hii?"

"Ya Baba Ngusa."

"Na humu ndani kuna nani?"

"Mayu. Mama yangu mzazi."

Theonest alivua miwani. Alikuwa mtu wa Bukoba, lakini alikuwa ameshakaa na Wasukuma vya kutosha. "Sasa Mama Ngusa, unataka imtazame mkwe wake?"

Watu waliokuwa wanasubiri kutoa kopi waliafiki. Mama mmoja alisema mume wake tangu amuoe, akimwona mkwewe njiani anaingia kwenye pamba za watu mpaka mama wa watu apite, na mara moja alinyeshewa humo mvua nzima. Mwingine alisema laptop yenye adabu namna hiyo ni adimu, wengi siku hizi zinatazama chochote. Eunice alijilaumu. Mambo hayo alikuwa anayajua tangu utotoni, ila hakufikiria kwamba kompyuta nayo inahesabika.

"Tufanyaje sasa?"

"Mkwe na mkwe wanaongea kupitia mtu wa kati," alisema Theonest, akavuta droo. Humo alikuwa na kidude cha matundu manne chenye umeme wake, kile cha kuunganishia vitu vingi kwa pamoja. Kitaalamu, alisema, diski hizi wakati mwingine zinadai umeme ambao tundu la laptop halina, na kidude kinasaidia. Akakiweka katikati. Waya mmoja huku, waya mwingine kule. Mfuniko ulitetemeka kidogo, ukatulia, na diski ikatokea kwenye kioo kwa jina lake.

Jumamosi baada ya ibada walijaa sebuleni. Mjomba Masalu, kaka wa marehemu, alipewa kochi. Bujiku, yaani Baba Ngusa mwenyewe, alisalimia wote mmoja mmoja, akahakikisha wageni wana soda, kisha akatoka nje na kusimama nyuma ya ukuta, maana mkwewe alikuwa anakaribia kuonyeshwa. Ndugu wa Ushetu walimsifu.

Video ikaanza, kidude cha Theonest kikiwa katikati. Maputo yakapita, Nelly akapita, na mama akatokea kwenye kiti cha plastiki karibu na masufuria. Eunice alipiga magoti mbele ya meza. Ndio uso wenyewe! Kile kikovu juu ya nyusi, alikuwa amekisahau kabisa. Lile jino. Alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mama alikuwa anapiga makofi kufuata wimbo. Ghafla akaacha, akainama kutazama chini ya kiti chake.

"Eunice," alisema, "nani ananigonga huku chini?"

"Kugongwa vipi, mayu?"

"Nagongwa mgongoni. Usiku na mchana. Kuna mtu ana sururu."

Watu walitazamana kidogo, si kwa mshangao, kwa aibu. Mama alizikwa shambani kwake, kilomita mbili tu kutoka hapo, na duara la Bujiku, shimo lake la kuchimbia dhahabu, lilikuwa kwenye shamba hilohilo. Alianza kulichimba kwenye mpaka, miezi mitatu baada ya mazishi, akashuka chini, akaukuta mwamba wenye dhahabu, na mwamba ukaelekea ulikoelekea. Ruhusa aliiomba kwa Mjomba Masalu, ambaye kila wiki huletewa viroba vyake vya mawe. Eunice hakuulizwa.

"Atakuwa Baba Ngusa," alisema Mjomba Masalu, akanywa soda.

"Mwambieni basi," alisema mama. "Mimi siwezi kusema naye."

Eunice alitoka nje. Alimkuta mumewe amesimama nyuma ya ukuta, ameinamisha kichwa, kofia mkononi.

"Mama anasema unamgonga."

"Pole yake," alisema Bujiku, na kweli alionekana kusikitika. "Mwambie namsalimu sana."

"Anataka uache, Baba Ngusa. Mimi pia nataka uache. Yule ni mama yangu!"

"Mke wangu, kwani mimi nimewahi kumkosea adabu mama? Hata siku moja sijamtazama usoni. Na mwamba umepita palepale, siyo mimi niliyeupitisha." Alifikiri kidogo. "Mwambie asiwe na wasiwasi. Nikifika usawa wake nitazima tochi ya kichwani, nipite gizani. Sitamwona kabisa."

Eunice alitaka kumpiga. Aliikunja mikono ndani ya khanga, akarudi sebuleni akayasema maneno yale kama alivyopewa. Ndugu wa Ushetu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mjomba Masalu alisema wakwe wa namna hiyo wamebaki wachache.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Yuko karibu?" aliuliza.

"Karibu, mayu. Wanasema mwezi huu."

"Basi na mimi nijisitiri."

Alivuta khanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa, akajifunika uso wote, akakaa hivyo, mikono magotini, akingoja mkwewe apite. Nyuma yake harusi iliendelea.

Eunice alirudisha video nyuma mpaka kwenye maputo, akaanza upya. Nelly akapita. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameshajifunika.